Mashine ya Kuoshea Lori na Chai ya Kamati

Leo nimeaibika. Hapana, usinimiminie chai. Niletee soda, na uifungulie hapa mbele yangu. Nitawaeleza kwa nini, lakini wewe Njoroge sogea kando kidogo, maana ukicheka huwa unamwaga vitu vya watu.

Mnaijua nyumba ninayokaa. Ile ya Mzungu kule juu ya Rongai, ya mabati mekundu na veranda ya mawe. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, kampuni yetu ya wanachama ya kununua ardhi ililinunua, watu wakagawana ekari zao, nyumba ikabaki haina mwenyewe. Mimi ndiye karani wa kampuni, kwa hivyo nikaingia kuilinda. Hiyo ni miaka minne sasa. Nimeilinda vizuri sana. Hata lile bafu nimelilinda, kila Jumamosi, na maji ya moto mpaka shingoni.

Wanachama walikuwa wakiniuliza, "Karani, hii nyumba ni ya nani?" Nami nawajibu, "Ni ya kampuni. Lakini si nyumba ya kuingiwa na kila mtu. Ina mapaipu ndani ya ukuta. Ina koki." (Koki zinafanya nini, nilikuwa sijui vizuri. Lakini nikishataja koki, watu walikuwa wananyamaza.)

Basi mwezi uliopita Mama Tabitha akasimama mkutanoni. Huyu ni mjumbe wa akina mama kwenye kamati, mjane, mtu wa maneno machache na sauti ya chini. Alisema wanawake wamechoka kubeba wagonjwa mgongoni mpaka Rongai. Akasema nyumba ina vyumba sita na watu wanne, igeuzwe dispensari, Karani ahamie kwenye kile chumba cha mpishi huko nyuma. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu asiyepiga huonekana.

Nikasimama kujitetea. Nikasema dispensari ni neno zuri, lakini nyumba itaharibika ikikosa mtu anayeielewa. Mwenyekiti wetu, Mzee Zakayo, akakata maneno: kamati itakuja kujionea. Wakiikuta safi na kila kitu kinafanya kazi, Karani akae. Wakikuta imemshinda, atoke. Siku waliyoweka ndiyo leo, saa tano asubuhi.

Kile chumba cha mpishi nakijua. Kina dirisha dogo kama la kuuzia tikiti, na mlango wa kuinama. Mimi nilizaliwa kwenye chumba cha namna hiyo. Ndiyo maana sikutaka kurudi, na sioni haya kusema.

Kuna jambo lingine mlijue mapema. Baada ya ule mkutano nilikifukia choo cha shimo kilichokuwa nyuma ya nyumba. Nilisema nyumba yenye choo cha ndani, cha kuvuta mnyororo, haiwezi kuwa tena na choo cha shimo kama ya watu wa kawaida. Nikapanda maua juu yake. Yameshika vizuri ajabu.

Sasa, nyumba ilikuwa imechafuka. Kiangazi kimekuwa kirefu, vumbi limejipaka ukutani, na ndege wa pale hawana heshima. Kufagia kusingetosha. Kwa hivyo jana nikaja hapa mjini, kwa Surjit, mwenye gereji karibu na reli. Tunajuana tangu nilipokuwa napakia pareto kwenye lori zake. Ana mashine ya kuoshea lori, pampu yenye injini, inatoa maji kwa presha kupitia bomba la chuma lenye pua nyembamba. Tope la mwaka mzima huanguka lenyewe. Nikamwomba, akanipa pamoja na drum, lile pipa kubwa la chuma, tukaipakia kwenye pikapu ya kampuni. Kisha akanishika bega.

"Karani, sikia mimi. Hii mashine nakunywa maji mingi sana. Bomba ya nyumba hapana weza. Wewe najaza drum, mashine navuta kwa drum. Hapana funga kwa bomba ya nyumba. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sema."

"Drum."

"Mzuri."

Huwa tunakicheka Kiswahili cha Surjit hapa hotelini, na mimi ndiye wa kwanza. Lakini hebu kiangalieni tena. Kuna neno gani lililokosekana?

Leo saa moja asubuhi niko kazini. Pikapu nimeiegesha kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, drum juu yake, mashine chini karibu na bomba la nje. Drum nikalijaza maji kama nilivyoambiwa. Hapo ndipo akili ilipokuja. (Akili yangu huja ikiwa imechelewa, na huja na makosa.) Nikajiuliza, kwa nini nijaze drum mara kumi kama punda wa maji, na bomba liko hapa miguuni? Si afadhali drum libebe sabuni, na maji safi yatoke kwenye bomba moja kwa moja? Nikamwaga pakiti nne za sabuni ya unga ndani ya drum, nikakoroga na mpini wa jembe. Mpira mmoja nikautoa kwenye drum, mwingine kwenye bomba la nyumba, nikaiunganisha na chuma cha njia tatu nilichokipata kwenye stoo ya Mzungu, na njia ya tatu ikaingia kwenye mashine. Mashine itajichanganyia yenyewe. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaitazama kazi yangu. Nikasema moyoni, Surjit ni fundi wa lori, lakini hajawahi kukaa kwenye nyumba yenye koki.

Mke wangu, Mama Wanja, akatoa kichwa dirishani jikoni.

"Baba Wanja, si uliambiwa drum?"

"Na ile pale ni nini?"

"Uliambiwa drum ya maji."

"Na sabuni nimeikoroga na nini? Si maji?"

Akafunga dirisha. Miaka kumi na tatu ya ndoa imemfundisha dirisha la kufunga na wakati wa kulifunga.

Nikavuta kamba. Mashine ikanguruma, kuku wakahamia kwa jirani, na ule mpira ukarukaruka kama mbuzi aliyefungwa mara ya kwanza. Lakini kazi, jamani. Ukuta ulitoka kijivu ukawa mweupe mbele ya macho yangu. Nikaosha ukuta, nikaosha veranda, nikaosha mabati. Nikaosha mbwa ambaye hakuomba. Nikavunja kioo kimoja. Majirani wakaja kusimama kwenye ua, na kuna mahali nilipoosha mara tatu, si kwa sababu palikuwa pachafu, ila palikuwa pameelekea barabarani.

Ilipofika saa tatu mashine ikaanza kukohoa. Inatoa maji, inatema hewa, inatoa maji. Nikasema ni taka kwenye pua. Nikachokonoa pua na waya. Ikakohoa zaidi.

Mama Wanja akafungua dirisha. "Kuna kitu kinagonga ndani ya ukuta."

"Ni presha."

"Presha gani inagonga kama mtu aliyefungiwa?"

"Mapaipu yanazoea. Funga bomba la huko ndani, unaninyang'anya maji."

Baada ya dakika tano akafungua tena. "Nimefungua kidogo nioshe vikombe. Yanatoka ya kahawia."

"Hiyo ni kutu. Ni vizuri itoke kabla ya wageni."

Halafu akaniambia hayatoki kabisa. Saa tatu na nusu, kamati inakuja saa tano, na ndani ya nyumba yenye mapaipu na koki hakuna tone. Nikazima mashine. Nikachukua spana. Nikakagua mipira, nikakagua ule unganisho, nikafungua koki zote nilizozijua na mbili nilizokuwa nazionea shaka. Hata ile koki ndogo ya drum, niliyokuwa nimeiacha wazi kidogo tu, nikaifungua mpaka mwisho nione kama imeziba. Nikaligonga paipu la ukutani kwa spana, kwa sababu Mzungu nilimwona akiligonga. Kila kitu nilikikagua isipokuwa tangi linaloleta maji ya nyumba, kule juu ya mnara wake. Tangi lilikuwa limejaa jana, na jana haikuwa mbali.

Mkitaka kujua, tangi lilikuwa kavu. Surjit alisema mashine inakunywa maji mingi, na ilikuwa imekunywa maji ya wiki nzima kwa saa mbili. Ile mashine ya upepo inayojaza tangi ilikuwa imesimama kama sanamu, maana upepo wa kwetu hauamki kabla ya saa saba. Sasa fikirini na nyinyi. Huku tangi halina kitu. Huku drum la sabuni liko juu kwenye mwinuko, koki wazi, mpira umeungana na paipu la nyumba. Maji hayajui hii ni njia ya kwenda na hii ni ya kurudi. Maji yanajua mteremko tu.

"Baba Wanja! Yamerudi!"

Niliingia jikoni nikipangusa spana kwenye suruali, polepole, kama daktari anayetoka kwa mgonjwa. "Nilikuambia ni paipu tu."

"Yana weupe."

"Ni hewa. Maji ya presha huwa na hewa."

Nikanawa mikono pale. Maji yalikuwa laini, yanateleza, yanapendeza. Nikamwambia, "Shika uone yalivyo laini. Mapaipu yamesafishika mpaka ndani." (Mtu mzima amesimama ananawa kwa maji ya sabuni, anashangaa mikono yake inavyotakata.)

Nikaenda kuvaa suti na tai. Sijamaliza kufunga tai nikaitwa tena jikoni.

"Njoo uone chai inavyofura."

Ilikuwa inafura kweli. Povu lilikuwa limepanda juu ya sufuria likashuka upande wa pili, likazima kuni mbili. Mama Wanja alikuwa analiteka kwa mwiko akitupa dirishani, nalo linajaa tena.

"Hayo ni maziwa ya ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu," nikamwambia. "Yana mafuta."

"Huyu ng'ombe nimemkamua miaka miwili. Hajawahi kufanya hivi."

"Ongeza tangawizi. Na sukari."

Akaongeza. Akanusa mwiko, akanitazama. "Mimi sinywi."

"Hakuna aliyekualika kwenye kamati," nikasema. Mliweke hilo neno akilini, kwa sababu yeye ameliweka mpaka sasa.

Saa tano kamili kamati ikaingia getini, watu watatu. Mbele Mzee Zakayo mwenyekiti, koti refu, kofia, fimbo, masharubu meupe yaliyochanwa. Nyuma yake Mwalimu Josphat, mkuu wa shule yetu, ambaye hata akikusalimu unahisi atakuuliza swali. Mwisho Mama Tabitha na kikapu chake.

Tukaizunguka nyumba. Mwalimu alipitisha kidole ukutani, akakitazama, akasema, "Safi." Mzee Zakayo akasimama mbele ya veranda akatikisa kichwa. "Karani, nyumba inang'aa kuliko enzi za mwenyewe." Moyo wangu ukakaa kitako. Mama Tabitha alikuwa ameishia nyuma, kwenye pikapu. Aliushika ule mpira wa drum, akaufuata kwa macho mpaka kwenye chuma cha njia tatu, akaufuata mpaka kwenye bomba la nyumba. Kisha akauliza, "Choo cha nje kiko wapi?"

"Tumeendelea, mama. Kiko ndani."

Nikawaonyesha. Nikauvuta mnyororo mbele yao kwa vidole viwili, maji yakashuka kwa kishindo, na Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Yale yalikuwa maji ya mwisho safi ndani ya nyumba ile, na niliyatumia kujionyesha.

Tukaketi sebuleni. Mnajua desturi, maneno hayaanzi kabla ya chai. Mama Wanja akaleta vikombe, akaweka haraka, akaondoka bila kumwangalia mtu. Kila kikombe kilikuwa na kofia ya povu. Mwalimu akaombwa kuomba. Aliombea mvua, akaombea kamati, akaombea wenye nyumba, akaombea waliosafiri. Nilifungua jicho moja katikati ya waliosafiri. Povu lilikuwa halijashuka hata kidogo.

"Amina," tukasema, na wote wakanitazama. Kwetu mwenyeji ndiye hutangulia kuonja, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani ya kikombe. Nikatangulia. Nikapiga funda kubwa la mtu asiye na wasiwasi.

Sukari ilifika kwanza. Halafu tangawizi. Halafu, huku nyuma kabisa kwenye koo, nikapata harufu ya nguo zangu za Jumapili.

Nilijua hapo hapo. Niliona drum, nikaona mwinuko, nikaona koki niliyofungua mpaka mwisho, vyote kwa pamoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Jamani, ngojeni." Maneno mawili tu. Lakini nikiyasema, nimesema kwamba nyumba imenishinda, na kile chumba cha mpishi kilikuwa kinaonekana pale dirishani. Nikameza. Nikatabasamu. Nikasema, "Karibuni."

Wakanywa. Mzee Zakayo akailamba midomo. "Chai ina nguvu," akasema. Povu lilikuwa limeshika masharubu na halikutaka kuachia. Mimi nilidhani Mwalimu ataniumbua, msomi yule. Akakiinua kikombe kwenye mwanga.

"Hii ndiyo chai yenyewe," akasema. "Wazungu hukoroga mpaka itoe povu. Sisi huku tunakunywa chai iliyolala."

"Nilikuwa nataka kusema hivyo," akasema Mzee Zakayo, na hapo akaona haya kuonekana hajazoea, akamaliza kikombe kwa mafunda matatu. "Ongeza, Karani. Mtu hatembei na mguu mmoja."

Nikaongeza. Mwalimu naye akaongezewa. Mimi pia nikaongeza, ili nisishukiwe. Mama Tabitha alikuwa anakipeleka kikombe mdomoni na kukirudisha, akinitazama juu ya ukingo wake.

Tukaanza kikao. Mzee Zakayo akakohoa, na pembeni ya mdomo wake pakatoka puto dogo, likazunguka, likapasuka. Kila mtu akatazama dari. Watu wa kwetu wana heshima mpaka inatisha.

"Nimeona nyumba," akaanza. "Nimeona ukuta, nimeona choo, nimekunywa chai. Kwa maoni yangu, nyumba hii imepata mt—"

Akaweka mkono juu ya kizibao. Sote tukasikia tumbo lake likijibu hoja.

"Karani," akasema kwa sauti nyingine, "kile choo chako."

Alikwenda na kofia, akaacha fimbo. Tukasikia mlango. Tukasikia mengine ambayo siwezi kuyasema mbele ya soda. Kisha mnyororo ukavutwa. Ukavutwa tena. Na chini ya mlango, polepole, povu jeupe likaanza kutoka kuja sebuleni. Tangi dogo la choo nalo lilikuwa limejazwa na lile drum.

Mwalimu akasimama. Hakuwa mkuu wa shule tena. "Karani, choo cha nje kiko wapi?"

"Ni... pale kwenye maua, Mwalimu."

Alitazama maua. Akanitazama mimi. Halafu akatoka mbio kuelekea shamba la mahindi, na sijawahi kumwona mtu wa elimu ile akiruka ua namna ile. Mimi nilikuwa hatua tano nyuma yake, kwa sababu tumbo langu lilikuwa limekunywa kwanza. Tai shingoni. Mahindi yenyewe ya kiangazi, mafupi, hayafichi mtu. Mwalimu alikuwa mstari mmoja, mimi wa tatu. Tulitazama mbali, kila mtu na upande wake, kama watu wasiojuana wanaongoja basi. Na wale majirani waliokuja asubuhi kuangalia mashine walikuwa hawajaondoka.

Niliporudi sebuleni, Mama Tabitha alikuwa ameketi palepale. Kikombe chake kilikuwa kimejaa, na povu lake limesimama vilevile.

"Niliuona ule mpira," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Nikanusa kikombe. Nikaona nisikuaibishe nyumbani kwako, mbele ya mke wako. Nikangoja wewe useme."

Nikakitazama kikombe chake.

"Wewe ulijua, Karani. Nilikuona ulivyomeza. Ulijua, ukamwongezea mzee wa watu kikombe cha pili."

Hapo ndipo nilipoaibika, mkitaka kujua. Si kwenye mahindi. Kwenye mahindi tulikuwa wawili. Pale mbele ya yule mama nilikuwa peke yangu, na alikuwa anasema kweli. Mzee Zakayo ana miaka sabini na kitu. Nilimnywesha sabuni ili nibaki na bafu.

Mwalimu akaingia, kijivu usoni, akashikilia kiti. Mama Tabitha akamtazama, akaangalia mlango wa choo, kisha akanitazama mimi nilivyojikunja.

"Mimi nilikuwa nimekuja na maneno mengi juu ya dispensari," akasema. "Sasa naona sina haja. Wagonjwa watatu hawa hapa. Imebaki dawa tu."

Kutoka ndani ya choo, nyuma ya mlango, Mzee Zakayo akatoa uamuzi wa mwenyekiti.

"Tabitha. Andika. Dispensari."

"Nimeandika, mzee."

"Na leteni maji."

Maji yalichotwa mtoni na Mama Wanja pamoja na Mama Tabitha, ndoo kwa ndoo, mimi nikiwa nimekatazwa kugusa kitu chochote chenye mdomo wa kutoa maji. Mwalimu alipewa uji. Mzee Zakayo alipewa uji na blanketi, akalazwa kwenye kitanda changu, kile kikubwa alichoacha Mzungu, na hakuondoka mpaka saa nane. Saa saba na robo upepo ukaamka. Mashine ya upepo ikaanza kuzunguka, tangi likaanza kujaa, na choo kikavutika vizuri kabisa, kwa kishindo, mara mbili. Sikumwonyesha mtu.

Kabla hajaondoka, mwenyekiti alimaliza kikao akiwa kitandani. Tunahama Jumatatu. Kitanda kinabaki, ni cha dispensari, maana amekilalia na amekiona kinafaa. Na mimi nimepewa kazi ya kuangalia maji ya dispensari, nikifundishwa na fundi. Nilidhani ananicheka. Akasema, "Hapana, Karani. Wewe sasa ndiye mtu wa pekee kwenye shamba hili anayejua sabuni inapita wapi." Mama Tabitha akaongezea kwamba kabla ya mambo ya maji, nitafukua choo.

Mama Wanja hajaniambia kitu tangu wageni waondoke. Niliposema nakuja mjini kurudisha mashine, alinijibu hajaalikwa kwenye kamati.

Surjit nimetoka kwake sasa hivi. Aliizunguka mashine, akaufinya mpira, povu likatoka likaanguka kwenye kiatu chake.

"Karani. Wewe nafunga wapi?"

"Drum," nikasema.

Alikitazama kiatu muda mrefu. "Drum," akasema. Akaingia ofisini, akafunga mlango, na mabega yake nikayaona kwenye kioo yakitikisika.

Basi ndiyo hivyo. Njoroge, nilikuambia usogee, ona sasa umemwaga. Chekeni, lakini msimalize kicheko chote leo. Siku moja mmoja wenu ataugua akiwa upande ule wa Rongai, ataletwa kwetu, atalazwa kwenye kitanda changu, ataomba maji ya kumezea dawa. Na anayefungua koki ni mimi.